Kilwa ya Asubuhi, Kilwa ya Jioni

Mwongoza watalii wetu alijua sisi ni Wakenya kabla hatujamwambia. Rafiki yangu alikuwa amesimama kwa mama muuza chai karibu na gati la Kilwa Masoko, akasema, "Mama, nipatie chapo mbili na chai ya rangi." Mama akamwangalia tu. Mwongoza watalii, aliyekuwa kwenye benchi akitusubiri, akacheka hadi akashika kofia.

"Huku tunasema naomba, dada. Ukisema nipatie, mama atadhani anadaiwa."

Basi akaomba. Chapati zikaja, na ziara yetu ya siku moja ikaanza hapo, saa moja asubuhi, kusini mwa Tanzania, mwendo wa siku mbili za basi kutoka nyumbani.

Najua kuna watu ambao Tanzania kwao si ng'ambo. Ng'ambo ni ndege na picha ya pasipoti uwanjani. Sisi tulivuka Lunga Lunga na begi mgongoni, tukapita Tanga, tukalala Dar, kisha kulipokucha tukapanda basi la kusini kutoka Mbagala. Tulivuka mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, na baada ya hapo barabara ikawa ni mikorosho na usingizi. Lakini ukishafika mahali ambapo ukifungua mdomo kuomba chai watu wanajua hujatoka hapo, hiyo ni ng'ambo tosha.

Kwanza tulipitia ofisini kuchukua kibali cha kwenda kisiwani. Kwenye kitabu cha wageni kulikuwa na jina, nchi, kazi na sahihi. Rafiki yangu alishika kalamu akasoma safu zote mara mbili.

"Hakuna kabila," akaniambia.

Ilibidi nifikirie sekunde kadhaa ndipo nielewe kwa nini jambo hilo lilimfanya atabasamu.

Mimi nilikwenda Kilwa kwa sababu ya somo la historia la sekondari. Kilwa kwetu ilikuwa swali la mtihani: taja sababu tano za kukua kwa Kilwa, kisha tano za kuanguka kwake. Nilizikariri, nikazitema kwenye karatasi, nikapata alama zangu, na kwa miaka mingi sikujua hata mji wenyewe uko upande gani wa ramani. Nilitaka kuuona kwa macho.

Rafiki yangu alikwenda kwa sababu ya nyanya yake. Nyanya huyo anaishi Kisauni, Mombasa, si mbali na Kengeleni. Kama umewahi kupanda matatu ya kuelekea Nyali au Bamburi, umesikia makanga wakiitaja Kengeleni kama kituo tu, lakini kengele yenyewe ipo. Ilikuwa ya Frere Town, makazi ambayo wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza waliyaanzisha katikati ya miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani. Manowari za Uingereza zilikuwa zikikamata majahazi baharini, na waliokutwa ndani, wengi wao watoto, wakashushwa hapo. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wangindo na wengineo, watu wa bara ya mbali sana na Mombasa. Wakabatizwa, wakapewa majina mapya, wakafundishwa kazi za mikono. Mji ukawaita Wamisheni.

Familia ya rafiki yangu ina majina ya Biblia vizazi vinne mfululizo, lakini haina kabila. Na wewe ni Mkenya, unajua ni mara ngapi nchi yetu inakuuliza kabila kabla haijakuuliza umekula. Shuleni aliandika Mgiriama kwa sababu majirani zao walikuwa Wagiriama. Baadaye akaandika Mswahili, akaambiwa na karani mmoja kwamba Mswahili si kabila, ni lugha. Nyanya yake hana shida hiyo. Yeye husema tu, "Sisi ni Wanyasa, tuliletwa na manowari." Ukimuuliza kabla ya manowari kulikuwa na nini, anajua jina moja la mahali: Kilwa. Nyanya wa nyanya yake alipandishwa jahazi Kilwa akiwa mtoto. Stori inaishia hapo, au tuseme inaanzia hapo.

Haya yote hatukumwambia mwongoza watalii. Tuliingia kwenye boti kama watalii wengine.

*

Kuna Kilwa tatu, na ukizichanganya utapotea. Kilwa Kisiwani ndiyo ya kale, ya magofu, ile ya mtihani. Kilwa Masoko ndiyo makao makuu ya wilaya, kwenye hoteli na benki. Kilwa Kivinje iko bara, karibu kilomita 30 kaskazini mwa Masoko. Watalii wengi huona ya kwanza, hulala ya pili, na ya tatu huisikia kwa jina.

Kutoka gatini hadi kisiwani ni mkondo wa bahari wa kilomita mbili hivi. Kitu cha kwanza unachokiona ni Gereza, ngome iliyosimama kwenye ufuo. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, kisha Waomani wakaijenga upya baadaye. Mwongoza watalii alitueleza kwamba neno lenyewe, gereza, wataalamu wengi wa lugha wanalitoa kwenye neno la Kireno la kanisa, igreja. "Walikuja na kanisa," akasema, "likabaki jela." Unaweza kuona kwamba mstari huo ameutumia kwa wageni wengi, lakini ulitufanya tucheke.

Tulimwita mzee mwanzoni, akakataa. Akasema mzee ni baba yake, yeye tumwite kaka. Alikuwa na miaka hamsini hivi, amevaa kandambili na kofia ya kufuma, na alitembea juu ya yale mawe kama mtu anayetembea sebuleni kwake. Na kwa kweli ni kwake. Kisiwani kuna kijiji, watu wanaishi katikati ya magofu. Kuku wanapita chini ya kuta za karne ya 15, na nguo zimeanikwa karibu na makaburi.

Msikiti Mkuu ulinifunga mdomo, na mimi si mtu wa kufungwa mdomo na majengo. Sehemu ya kwanza ilijengwa kati ya karne ya 11 na ya 12. Sehemu kubwa ya pili iliongezwa katika karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ikaezekwa kwa kuba na matao yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa. Kuta zinatokana na bahari yenyewe: matumbawe yanatolewa majini, yanachongwa yakiwa bado laini, na yakikauka yanakuwa mawe. Unasimama kati ya nguzo, upepo unapita, na unaelewa kwamba kilichokuwa hapa kilikuwa mji hasa. Dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilishushwa hadi bandari ya Sofala, na Kilwa ndiyo iliyoishika biashara hiyo. Kilwa ilifua sarafu zake za shaba. Moja yenye jina la sultani huyo imepatikana Great Zimbabwe. Nyingine tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo watu wanabishana zilifikaje huko.

Kaka alitusimulia hadithi ya nguo. Zamani kisiwa kilikuwa cha mtawala wa wenyeji. Akaja Ali bin al-Hasan kutoka Shirazi na merikebu zake, akataka kukinunua. Mtawala akamwambia alete nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Akazileta, zikakizunguka, kisiwa kikawa chake. Hadithi hiyo imo katika tarehe ya kale ya Kilwa, iliyoandikwa karne nyingi zilizopita.

"Sasa," kaka akasema, akainua kidole, "hiyo ni hadithi. Waliochimba hapa walikuta watu walikuwepo kabla. Wanavua samaki, wanafua chuma, wanaishi nyumba za miti na udongo. Kilwa haikuja na meli."

Aliyechimba kwa miaka mingi zaidi, katika miaka ya 1950 na 1960, ni Neville Chittick, na kitabu chake kikubwa kuhusu Kilwa kilitoka mwaka 1974. Wakati huo wengi bado walieleza miji ya pwani kama kazi ya wageni kutoka Asia. Uchimbaji wa baadaye, Kilwa na kwingineko, umeendelea kuonyesha kwamba miji hii ilikua kutoka vijiji vya Waafrika waliofanya biashara na dunia, wakaoana na dunia, wakapokea dini na maneno, lakini msingi ulikuwa wao. Kaka aliyasema haya polepole, kama mtu anayehesabu pesa mbele yako ili usije ukadai baadaye kwamba zimepungua.

Kisha akatuletea Ibn Battuta.

Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, baada ya kupita Mogadishu na kulala usiku mmoja Mombasa. Aliusifu mji wa Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyoiona. Alimsifu pia sultani, huyo huyo al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa lakabu ya Baba wa Zawadi. Kaka alitusimulia kwa nini. Siku moja sultani alikuwa anatoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Fakiri mmoja kutoka Yemeni akamsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akavua, akavaa nyingine, akampa zile. Watu wakastaajabu kwa ukarimu na unyenyekevu wake. Mtoto wa sultani akazichukua tena zile nguo kwa fakiri na kumpa kitu kingine badala yake.

"Kitu gani?" rafiki yangu akauliza.

Nadhani aliuliza tu kwa sababu alikuwa anafuata hadithi.

"Watumwa kumi," kaka akasema. "Na sultani aliposikia watu wanavyomsifu, akamwongezea kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu."

Tulikuwa tumesimama kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti. Kaka alikuwa tayari amegeuka kuelekea Husuni Kubwa, kwa sababu hadithi ilikuwa imefika mwisho wake. Rafiki yangu hakusogea.

"Kwa hivyo ishirini," akasema.

"Ishirini, ndiyo."

"Walikuwa wanatoka wapi?"

Ibn Battuta mwenyewe anajibu: anaandika kwamba sultani alikuwa akifanya vita vya mara kwa mara kwenye nchi ya Wazanji, bara, na kurudi na mateka. Kaka alijua hilo. Alilisema kwa sauti ya chini, kisha akasema kitu ambacho tulikuja kukisikia mara tatu siku hiyo: "Lakini mambo ya watumwa hasa ni Kivinje, si hapa."

*

Kutoka msikitini hadi Husuni Kubwa ni mwendo wa miguu kupitia mashamba na mibuyu. Hiyo ndiyo ikulu ya Baba wa Zawadi, kwenye mwamba juu ya bahari: vyumba zaidi ya 100, ukumbi, ua mkubwa wa kuwekea bidhaa, na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na inaonekana haikukamilika. Watalii hupenda kupigia picha kwenye bwawa. Sisi pia tulipiga. Siwezi kukudanganya, ni pazuri sana.

Usiku uliotangulia, hotelini, nilikuwa nimesoma kwenye simu kuhusu Mfaransa mmoja, Jean-Vincent Morice. Mwaka 1776 aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa wakati huo: auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mmoja, kwa miaka 100. Walikuwa wa kupelekwa kwenye mashamba ya Wafaransa katika visiwa tunavyoviita leo Mauritius na Réunion. Mkataba haukudumu miaka hiyo 100, lakini uliandikwa na sultani wa kisiwa hiki hiki. Nikamuuliza kaka kwa nini basi anasema ilikuwa Kivinje.

Alikaa kwenye ukingo wa bwawa. Alikuwa anaujua mkataba wa Morice kuliko mimi.

"Angalia," akasema. "Mimi nimeanza kazi hii wageni wakiniuliza, haya mawe walijenga Waarabu? Walijenga Waajemi? Kila siku. Hakuna aliyeniuliza, mlijengaje. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ni kuwaambia tulijenga. Nina saa tatu na mgeni, kisha anapanda boti. Katika saa tatu nikianza na minyororo, ataondoka na minyororo tu. Atasema, maskini hawa. Sitaki maskini hawa."

Nimelifikiria jibu hilo sana tangu siku ile. Ni rahisi kumlaumu mwongoza watalii kwamba anauza historia iliyopakwa rangi. Lakini yule mtu alikuwa anabishana na watu ambao hatukuwaona: waandishi wa karne nzima waliosema pwani hii haikuwa na kitu mpaka ilipoletewa. Fahari yake ilikuwa na sababu. Shida ni kwamba ukisimulia mji kwa kuta zake, utawasimulia wenye kuta. Wale ishirini wa fakiri hawakuacha chumba chochote ambacho unaweza kumwonyesha mgeni.

Adhuhuri kaka akaenda kuswali. Tulikaa chini ya mti tukala mihogo ya kuchoma na pweza. Rafiki yangu akasema, "Mwambie nataka kwenda Kivinje leo."

Haikuwa kwenye ratiba. Kaka alipiga simu mbili, akasema gari linaweza kupatikana, na kwamba Kivinje hakuna cha kuona sana.

*

Ni kweli hakuna cha kuona sana, ukitafuta kuba na nguzo. Kuna boma la Wajerumani linalobomoka taratibu. Kuna milango ya kuchonga iliyobaki kwenye nyumba za zamani ambazo paa zake zimeanguka. Kuna wazee barazani na watoto wanaotaka kujua jina lako. Na kuna ufuo wa tope na mikoko, ambao bahari ikikupwa unaenda mbali kabisa kabla hujaona maji.

Katika karne ya 19 mji huu mdogo ndio uliokuwa bandari ya Kilwa. Misafara ilitoka upande wa Ziwa Nyasa, wiki nyingi kwa miguu, ikishuka na pembe za ndovu na watu. Wafanyabiashara Wayao walikuwa mstari wa mbele kwenye njia hiyo, pamoja na Waswahili na Waarabu, na Wahindi wa pwani walitoa mikopo. Katika miaka ya 1860, hesabu za forodha zilikaribia watu 20,000 kwa mwaka waliopitishwa Kilwa. Hao ni waliolipiwa ushuru, na waliofika pwani wakiwa hai. Wengi walikwenda Unguja na Pemba kwenye karafuu. Wengine walipelekwa Uarabuni. Na wengine, hili sisi Wakenya tulilishike vizuri, walikwenda kwenye mashamba ya mtama na ufuta ya Malindi, na majumba ya Mombasa na Lamu. Mwisho mmoja wa njia ile ulikuwa kwetu.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akisukumwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kulifunga soko la Unguja. Kilichofuata hakimo kwenye sababu tano za mtihani. Biashara ilipanda nchi kavu. Badala ya kuwapakia watu majahazini Kivinje, waliwatembeza kaskazini kufuata pwani. Afisa mmoja wa ubalozi mdogo wa Uingereza, Frederic Elton, alitumwa kuangalia njia hiyo, na katika muda wa mwezi mmoja hivi kati ya mwisho wa 1873 na mwanzo wa 1874 alihesabu zaidi ya watu 4,000 wakipita. Mwaka 1876 Barghash akapiga marufuku misafara hiyo pia. Majahazi ya magendo yakaendelea, na ni hayo ambayo manowari ziliyakamata na kuyashusha Frere Town.

Tulikuwa tumekuja kwa njia hiyo hiyo, kinyume chake, kwenye basi lenye kiyoyozi kibovu na filamu za mapigano. Rafiki yangu ndiye aliyelisema, si mimi. Alisimama pale topeni, viatu mkononi, akasema, "Tumelala njia nzima."

Kaka alikuwa nyuma yetu, akisubiri. Alikuwa ametupitisha Mwembe Kinyonga, mahali Wajerumani waliponyongea watu. Alitutajia Hassan bin Omari Makunganya, aliyepigana nao hadi wakamnyonga mwaka 1895. Alitutajia Maji Maji ya 1905, iliyoanzia milima ya Matumbi, si mbali na hapa, watu walipochoka kulimishwa pamba kwa nguvu. Kwa Makunganya nikamuuliza kama ni kweli alikuwa pia mfanyabiashara wa misafara. Akasema ndiyo. Akaongeza, "Shujaa anaweza kuwa na mambo mawili." Sikuwa na la kujibu.

Sasa rafiki yangu akageuka akamwambia. Alimwambia yote, kuanzia Kengeleni. Alisema nyanya, kaka akadhani anazungumzia nyanya za kupikia, ikabidi aseme bibi. Bibi wa bibi yangu alipandishwa jahazi hapa.

Kaka akavua kofia. Akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Dada," akasema, "hapa Kivinje sisi hatuulizani. Hujui? Huyu babu yake aliuza, huyu babu yake aliuzwa, huyu vyote viwili. Wameoana. Wanazikana. Ukianza kuuliza bibi yako alitoka wapi, unavunja nyumba za watu. Ndiyo maana nakwambia hakuna cha kuona. Si kwamba hatujui."

Hapo niliielewa ile kauli yake ya asubuhi. Nilikuwa nimechukulia kwamba ukimya wa Kilwa ni wa kusahau, au wa aibu, au wa biashara ya utalii. Hesabu miaka: utumwa kama hali ya kisheria ulifutwa pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Hao si watu wa Ibn Battuta. Wamo kwenye kumbukumbu za wazee waliowalea wazee wa leo. Watu wa mji mdogo walioamka siku moja na kukuta aliyemilikiwa na aliyemiliki wanachota maji kisima kimoja walikuwa na kazi ya kufanya, na kutoulizana ilikuwa sehemu ya kazi hiyo.

Lakini rafiki yangu hakukubali, na nadhani naye alikuwa na haki.

"Nyinyi mnaweza kunyamaza kwa sababu mko kwenu," akasema. "Mkinyamaza mnakuwa watu wa Kivinje. Sisi tukinyamaza tunakuwa watu wa hakuna. Kwetu kila fomu inauliza."

Hakupaza sauti. Kaka aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayesikiliza hesabu ambayo hakuwahi kuipiga. Kisha akauliza swali ambalo lilinishangaza kwa sababu lilikuwa la kawaida sana.

"Na huko walifika wakafanya nini?"

Miaka yote ya kazi yake, alijua watu waliondokea wapi. Alizijua tarehe, alizijua bei. Hakuwa amewahi kukutana na mtu wa kumwambia walifika wapi.

Kwa hiyo tulikaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa, jua likishuka upande wa nchi kavu, na rafiki yangu akawa mwongoza watalii. Alimwambia kuhusu kengele, ambayo watu wa Kisauni husimulia kwamba ilipigwa kuwaonya wenzao wakati wa hatari. Alimwambia kuhusu kanisa na karakana. Hakuipaka rangi: alimwambia kwamba wamisionari nao walikuwa na viboko vyao, na kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1880 malalamiko kuhusu adhabu za Frere Town yalifika hadi Uingereza. Alimwambia kwamba waliotoka mle walikuja kuwa walimu, makatekista, makarani na mafundi, na kwamba mji ulivyopanuka, ardhi yao ilizidi kubanwa hadi leo baadhi ya familia zinaishi nyuma ya maduka. Alimwambia kwamba nyanya yake akikasirika hutumia maneno mawili matatu ambayo hakuna jirani anayeyajua.

"Yapi?" kaka akauliza.

Akayasema. Kaka hakuyajua. Akasema dereva wetu mama yake ni Myao, tumuulize. Dereva alisikiliza, akarudia moja, akatikisa kichwa, akasema labda, lakini akilisema mama yake litakuwa na mwisho mwingine. Rafiki yangu akamwomba ampigie mama. Simu haikupokelewa. Ilikuwa ni saa ya magharibi.

Kabla hatujaingia garini, kaka akatoa daftari dogo mfukoni, lile ambalo asubuhi aliandika majina yetu na namba ya kibali. Akauliza inaandikwaje, Frere Town. Rafiki yangu akamtajia herufi moja moja. Akaandika, kisha chini yake akaandika Kisauni, kisha Kengeleni, akapigia mstari hiyo ya mwisho.

Kesho yake alikuwa na kundi la wanafunzi kutoka Lindi. Sijui kama aliwapeleka Kivinje. Ukienda Kilwa, na nakuomba uende, usiishie kisiwani: chukua mchana mzima wa Kivinje, na uende na mtu mwenye swali lake.

Sisi tulipanda basi alfajiri. Safari hii rafiki yangu alikaa dirishani na hakulala. Tulipofika karibu na Rufiji simu yake ikalia. Alikuwa dereva. Mama yake alikuwa amelisikia lile neno, akacheka, akasema analijua, ila si neno la kumwambia mtu mzima.